Kimeng'enya Nilichokurithisha

Mpendwa binti yangu Nekesa,

Nilikuita "mama" kwa kuwa ulibeba jina la mama yangu mzazi. Tukiwa bado Makongeni, nikitoka kiwandani ulikuwa unakimbilia mlangoni nikubebe, halafu unagusa kovu langu la shingoni.

"Baba, nani alikukata?"

"Daktari, mama. Nilikuwa na uvimbe."

Nilitolewa uvimbe huo nikiwa kijana na sikuufikiria tena.

Kisha kikaja kikohozi chako. Kilitibiwa kama nimonia, hadi picha ikaonyesha uvimbe kwenye pafu. Ulituacha kabla hujaanza nasari. Mama yako alijilaumu kwa kukuogesha asubuhi za baridi.

Baada ya mazishi daktari wako alituita. Akanitazama shingoni. "Hili kovu ni la nini, mzee?" Nikamweleza, akaomba damu yangu ipimwe. Majibu yalipotoka alinifafanulia polepole: ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachokata RNA ya nyuzi mbili, molekuli inayobeba ujumbe wa seli, iwe vipande vifupi, na vipande hivyo ndivyo huizuia seli isikue ovyo. Maagizo ya kukitengeneza yana hitilafu mwilini mwangu, ndiyo iliyoniletea ule uvimbe wa shingo. Wewe uliyapata kwangu.

"Si kosa lako," akasema. Niliitikia kwa kichwa tu. Moyo ulikataa, na bado unakataa.

Nilimwambia mama yako jikoni, hapa Gitothua tulikohamia. Aliacha kukata sukuma wiki.

"Kwa hivyo si yale maji?"

"Si maji, Mama Nekesa. Ni mimi."

Akaketi sakafuni akalia kama siku ile tulipokuzika, kisha akanishika mkono. Afadhali angenigombeza.

Ndugu yako Wafula, ambaye hukuwahi kumwona, amepimwa pia. Naye nimemwachia hitilafu hiyo hiyo. Lakini kwa sababu yako madaktari walijua pa kutazama. Walikuta kifuko kidogo pafuni, wakakitoa kabla hakijageuka saratani.

Jana alifukuza kuku wa jirani hadi barabarani akipiga kelele, bila kukohoa hata kidogo. Mama yako alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikasimama peke yangu, maana furaha ilinijia pamoja na aibu, na sikujua nianze na ipi.

Nisamehe, mama. Lala salama.

Ni mimi, baba yako.