Mume Wangu Anatangaza Ndani ya Mchezo wa Magari

Mama Concilie mpendwa, nisaidie kabla akili haijaniruka, mimi ni mjane wa hapa Bwiza, mume wangu Landry alikuwa mtangazaji wa harusi, ndiye aliyeshika mikrofoni watu wakicheza, na mwaka jana akitoka harusini Kajaga yeye na wenzake waliviziwa njiani, gari lao likakutwa limeungua lakini mwili wake haujaonekana mpaka leo, akaniachia chumba cha jeux, michezo ya televisheni, kinachotulisha mimi na binti yetu Ingrid, vijana wanalipa wanacheza mchezo wa magari, na ndani ya gari lile la kwenye televisheni kuna redio, unabadilisha stesheni, moja ni ya muziki wa dansi, Radio Neoni, mtangazaji wake alikuwa Mzungu wa Kiingereza tupu, ila tangu Pasaka anayeongea kati ya nyimbo ni Landry.

Anasema, "Mama Ingrid, juu ya nini munakaa bila kucheza? Simama ucheze, miguu zangu zimechoka." Vijana nao wanamsikia, wengine wameacha kuja.

Unajua kwetu mfiwa hachezi mpaka kuganduka, siku ya kuondoa kilio, na mama mkwe wangu Epiphanie amekataa kabisa, anasema, "Mi siwezi ganduka juu ya mutu sikumuzika. Labda ako Congo, atarudia nyumbani." Sitaki kumvunja moyo, na kusema kweli hata mimi kila asubuhi naiwasha redio ile nimsikie tu, lakini Jumapili alisema, "Ingrid, kama mama anakataa, kuja we tucheze," mtoto akainuka akaenda moja kwa moja kwenye televisheni, nikamshika gauni. Je, niuze mashine ya mchezo?

Benite

Benite, pole sana mwanangu, nami umenikasirisha. Umemshika mtoto gauni, halafu kesho yake unawasha tena?

Sitakuambia ni mawazo yako. Alhamisi nilikuja hapo kwako, nikakaa nyuma kama mteja, jina sikumtajia mtu. Kijana alipofika stesheni ile, sauti ikasema, "Karibu Mama Concilie, umwambie bibi yangu Benite acheze." Nilitoka bila mwavuli wangu, na sirudi kuuchukua.

Usiuze mashine; usimuuzie mtu msiba wako. Mkalishe Mama Epiphanie mbele ya televisheni amsikie mwanawe. Atalia, mwache alie. Mwili wa kuzika hana, lakini sauti ya kuaga anayo. Wiki hiyohiyo mganduke: padri aombe, majirani wanywe, Ingrid apelekwe kwa shangazi yake, mbali na chumba kile. Kisha fungua Radio Neoni, mcheze wewe na mkweo, na akiwataja majina msimwitikie.

Wimbo ukiisha atakuambia ngoja kidogo, kuna mwingine. Atakuambia kwa sauti ile unayoipenda. Zima.