Uso Chini ya Leso

Chumbageni, Tanga
9 Februari 2024

Mdogo wangu Sabiha,

Assalaam alaikum. Baridi ya huko haijakutia kifua? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mama mkwe na magoti yake. Ulimi ndio hauumwi.

Nina mimba tena. Tahiri kafurahi mpaka anaosha vyombo. Mama yake keshaanza: "Safari hii usicheke watu." Anashikilia kwamba ile mimba ya kwanza, nikiwa na miezi saba, nilimcheka mwanamke mwenye mdomo wa sungura kule Mgandini, ndiyo maana mtoto akatoka vile, hakulia.

Mimi sikumwona. Walimfunika leso, wakanikataza kutazama. Wewe ulikuwa ukimimina maji alipokoshwa kabla ya kuzikwa. Uso wake ulikuwaje?

Dada yako,
Nasma

Leipzig
2 Machi 2024

Dada Nasma,

Shikamoo, na waalaikumu salaam. Kifua kizima, nimenunua koti zito kama godoro. Hongera sana. Tahiri aendelee na vyombo.

Kazini natazama mayai ya chura yanavyogeuka kiumbe. Kando ya sehemu itakayokuwa ubongo kuna ukanda mwembamba wa seli. Protini mbili, Pax3 na Zic1, zikikutana hapo huwasha jeni nyingine, na seli hizo hubanduka, husafiri, zikajenga taya na uso. Mimi huizuia moja nione kitakachokosekana.

Jana kiluwiluwi kimoja kilikuwa na macho, na chini ya macho hapakuwa na taya. Niliacha darubini nikaenda kunawa mikono. Nilinawa muda mrefu.

Mdogo wako,
Sabiha

Chumbageni
20 Machi

Sabiha,

Hujambo? Nimekuuliza mtoto, umenijibu chura.

Nasma

Leipzig
14 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui hali yako; hukuandika tena, nami sikuthubutu.

Kwa binadamu seli zile hubanduka kwenye wiki ya nne hivi, wakati kina mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Wewe ulicheka mimba ikiwa ya miezi saba. Uso ulikuwa umeshajengwa zamani. Kilichokosekana kwa mwanao sikijui, sitakudanganya. Lakini kicheko hakifiki huko. Hata huyu wa sasa, wakati wake umeshapita. Cheka mpaka mama mkwe azibe masikio.

Mdomo ulipasuka hadi puani. Taya la chini lilikuwa dogo mno, karibu halipo. Nilimimina maji hapo polepole, kana kwamba angeumia. Paji lilikuwa lako. Nyusi zilikutana katikati, kama za marehemu baba. Kila nikifunua kisahani cha viluwiluwi, namwona yeye.

Mdogo wako,
Sabiha

Chumbageni
22 Septemba

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Nimejifungua Jumatano, msichana. Kalia mpaka wodi nzima ikageuka.

Mkunga alimleta kafunikwa leso kwa ajili ya feni. Mama mkwe akanyoosha mkono amfunue. Nikamwambia, "Mama, ngoja."

Nikafunua mwenyewe. Mdomo mzima. Taya zima. Na nyusi, Sabiha, zimekutana katikati.

Nililia, wakadhani ni furaha tu. Niliwatazama wote wawili, huyu na yule wa kwanza, mpaka mkono ukachoka kushika leso.

Dada yako,
Nasma