Pita Kwanza, Tata

Mama yangu wa Dilala,

Jambo sana. Punguza novena za kuniombea safari, mi nilishafika Mutshatsha muzima.

Kiwanja cha ndege cha huku ni majani na mbuzi, hakina mnara wa kuongozea ndege. Marubani wanaambiana wenyewe kwa redio nani yuko wapi. Rubani wetu, kijana, akatangaza kwamba tunashuka. Sauti ya mzee, rubani wa ndege nyingine, ikajibu redioni, sote tukisikia, kwamba naye anashuka, palepale.

"Pita kwanza, Tata," rubani wetu akasema, kama anayemwambia baba yake.

"Hapana, mwanangu. Weye uko na batu, pita."

"Mi siwezi kupita mbele ya mukubwa, Tata!"

Heshima tupu, Mama! Tukazunguka, ndege mbili, mvua inakuja, jirani yangu kashika rozari. Mwishowe mzee akachoka, akatua, nasi tukafuata.

Mzee akashuka kwenye ndege yake, akapanda pikipiki. Getini rubani wetu, bila kumtambua, akampita na jeep kwa honi, nusura amtupe kwenye matope. "Toka mu njia, we muzee!"

Nisalimie batoto. Ukivuka barabara, angalia pande zote mbili: heshima tuliiacha juu.

Mwanao,
Odia