Karamu ya Bingwa

Philadelphia, Septemba 1898

Dada yangu Odessa,

Natumai kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi mzima, ila goti limechubuka. Kwenye mashindano ya baiskeli, Wazungu watatu walinibana kwa baiskeli zao mpaka nikajikwaruza kwenye uzio. Hata hivyo niliwashinda wote.

Sasa sikia upuuzi wao. Kikombe changu cha ushindi kilikuwa kitolewe kwenye karamu ya bingwa hotelini, na bawabu akanizuia mlangoni.

"Watumishi wanapitia jikoni."

"Karamu ni yangu!"

"Na mimi ni Rais. Zunguka nyuma."

Nikazunguka, damu ikinichemka. Jikoni walikuwa weusi wenzetu tu. Mpishi mkuu, Mzee Ambrose, aliposikia kisa changu akaweka mwiko chini.

"Keti, mwanangu. Bingwa hajala, nani mwingine ale?"

Wahudumu wote wakavua aproni, ingawa walijua kesho watafukuzwa kazi. Nilikula bata mzima kwa hasira, Odessa, huku kengele ya ukumbini ya kuitisha chakula ikilia na kulia, na hakuna aliyeinuka.

Mwambie Mama kikombe wamebaki nacho. Lakini walikishika wakiwa na njaa.

Kaka yako, ambaye hasira haijamwisha,
Lucius