Gauni la Shiru na Shati Langu

Wambui mjukuu wangu,

Hapa Subukia tu wazima, na nyanyako bado ananigombeza. Unauliza kama lile gauni fupi la binti yako Shiru ni aibu, maana mama mkwe wako hataki alivae kanisani na mtoto analia.

Wazee wenzangu husema, "Sisi tulivaa kwa heshima!" Uongo mtupu. Mpaka nilipoanza shule nilivaa shati la baba, na chini hakuna kitu. Nikipanda mti wa plamu, kina mama waliokuwa wakichuna pareto walicheka: "Wewe, funga duka!" Kisha wakaendelea kuchuna. Kicheko kile nakisikia hadi leo. Adabu ilikuwa machoni mwao, si kwa shati langu.

Mvalishe Shiru kaptura ndani, aende. Na suruali yangu uliyochukua Krismasi ukaipunguze, irudishe, nisije nikarudia shati.

Guka wako