Karatasi ya Majaribio ya Eliya

Jumanne. Upepo umeamka nasi leo, na vumbi la Nzuguni limeingia mpaka kwenye meno. Baridi pia. Sijisikii kuongea na mtu, ndiyo maana naandika hapa.

Jumamosi tumemzika kaka yangu, Eliya.

Alikuwa na kibanda cha steshenari hapa mtaani. Kila ulipotokea msiba, yeye ndiye aliyechapa wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya kwenda makaburini. Hakuwahi kumdai mfiwa chochote. "Hiyo ya msiba, nenda kazike," ndivyo alivyokuwa akiwaambia.

Kompyuta yake ya zamani iliungua umeme uliporudi baada ya mgao. Akanunua laptop ya mtumba, lakini akalazwa kabla hajaiunganisha na printa. Basi Ijumaa, turubai limeshafungwa uani na mazishi ni kesho yake, wasifu wake mwenyewe ukakosa wa kuuchapa.

Mjomba alisema tukachapishe mjini. Nilikataa. Nilitaka utoke kwenye mashine yake, na sikutaka kuulizwa kwa nini.

Shangazi naye akanigombeza. Kwetu mfiwa hashiki kazi, anakaa mkekani na majirani ndio wanaohangaika. Nikaibeba printa hadi chumbani.

Nikakosea papo hapo. Nilichomeka waya kwanza, ndipo nikaweka CD, kumbe CD yenyewe inaanza kwa kukuonya usichomeke mpaka uambiwe. Laptop ikagoma kuitambua printa. Nikafuta, nikazima, nikawasha, nikaanza upya, huku mapambio yakiendelea nje. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu afariki. Kinywani nilikuwa naulaumu waya.

Mara ya pili nilifuata maelekezo polepole. Ikaniuliza kama nataka karatasi ya majaribio. Nikakubali.

Ikatoka, Kiingereza kitupu. Juu imeandikwa hongera, umefanikiwa kuunganisha printa yako. Chini, jina alilokuwa ameipa kompyuta: ELIYA.

Hongera. Siku ile, kati ya siku zote.

Mama akaingia kuniita nikale. Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima kule kijijini, na mpaka leo husoma kwa kidole. Kidole kilipita juu ya Kiingereza chote kile, kikasimama kwenye jina.

"Ndiyo yenyewe hii?"

"Hapana, Mama. Hiyo ni ya kujaribia tu. Ya kwake inakuja."

"Si jina lake hili?"

"Ndiyo, Mama. Ni lake."

Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.

Wasifu ulitoka vizuri. Ulisomwa, watu wakalia. Mama alipopewa nakala alimpa jirani aliyekaa karibu naye, akasema yeye anayo yake.

Leo nimekaa kibandani kwa Eliya. Binamu yangu amenielekeza namna ya kubadilisha jina la kompyuta, maana mwenye kuitumia sasa ni mimi. Nimefika mpaka pale jina lilipo. Nimeliangalia, halafu nimefunga. Uchungu uliokuja hapo sikuwa nao hata makaburini. Nani ananiharakisha?

Asubuhi Mama alinionyesha karatasi yake. Imeanza kuchanika kwenye mikunjo, kwa sababu analala nayo. Hakuniomba kitu, aliifunga tena kwenye khanga na kwenda kuchambua mchicha.

Kwa hiyo nimechapa nyingine. Imetoka na hongera yake ile ile, na jina lake pale pale chini. Nimeitia kwenye bahasha ngumu, nitampelekea jioni.

Halafu nimefungua printa nikaangalia wino. Bado upo.