Mama Alisema Kasha Linauma

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Wifi yako hajambo, ila siku hizi anaongea na mimi kwa kipimo, na sababu utaiona mbele. Mama naye hajambo. Neno hilo nimeliandika kwa makusudi, naomba ulisome mara mbili: Mama hajambo kabisa.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningeanza kujitetea, unanijua. Na kabla sijaenda mbali: ile barua ya kuacha kazi uliyosema umeiandika ili urudi umtunze Mama, usiipeleke kwa bosi wako. Ichane. Mama hajapotewa na akili. Mimi ndiye niliyekupotosha, na aibu niliyo nayo ni kwamba hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza nimezitupa.

Unakumbuka zile picha nilizokutumia za kasha la kompyuta. La zamani lilikuwa limepinda na kutetemeka, na kwa kuwa kutwa nakata madirisha ya aluminiamu ya watu, nikaona nitashindwaje kujitengenezea kasha langu mwenyewe? Nikachora. Nikakata maboksi na kuyagundisha mpaka umbo likakubali. Halafu nikachukua mabaki ya karakana, bati la milimita mbili, nikalibana kwenye jiliwa na kulikunja, nikatoboa mbele matundu mia na kumi ya hewa, moja moja, na kila moja nikalipitishia tupa. Wiki sita, Dada. Likatoka zuri, siwezi kusema uongo. Nililing'arisha mpaka unajiona uso. Kila mgeni aliyeingia humu nilimburuta akalitazame, hata yule aliyekuja kuuliza njia.

Kosa lenyewe hata kulieleza naona haya. Waya wa umeme wa kompyuta ni mnene, una nyaya tatu ndani, na ule wa tatu ndio ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja ili usimpige mtu. Tundu nililolichonga nyuma ya kasha halikuupitisha. Kulipanua kungeharibu kingo nilizozipiga msasa siku nzima. Nikaunga waya mwembamba wa nyaya mbili, ethi nikaiacha inaning'inia ndani. Nilijua, Dada. Mtu wa karakana hawezi kusema hakujua. Nilijiambia nitarekebisha baadaye, na baadaye yenyewe ikawa miezi mitano.

Sasa Mama ndiye hupiga deki chumba hiki kila asubuhi, miguu mitupu, kisha hupangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Wiki ya kwanza tu aliniambia, "Hili sanduku lako linauma." Nikacheka. Nikaligusa mbele yake, nimevaa viatu vyangu vya kazi vyenye soli nene ya mpira, nikamwambia, "Mbona mimi haliniumi?" Kesho yake akarudia, akasema linamtambaa vidoleni kama siafu. Mezani nikawatangazia watu kwamba Mama sasa anaumwa na masanduku. Tulicheka sana. Yeye pia alicheka kidogo, na kicheko chake hicho hakinitoki kichwani.

Akaanza kuvaa kandambili kila anapoingia chumba hiki, na kuzivua akitoka. Kumbe aligundua mwenyewe kwamba akiwa na mpira miguuni haliumi. Mimi nikaona ndiyo dalili yenyewe. Nikaongezea na siku aliyosahau jina la jirani, na siku aliyounguza chakula, mambo ambayo mimi mwenyewe hunitokea. Nikakupigia nikakwambia Mama ameanza kupotea. Nilitia chumvi. Nilikwambia anaongea na vitu, na wakati ule alikuwa anaongea na mimi.

Kisha nikamnyang'anya kiberiti na kumwambia wifi yako asimwache jikoni peke yake. Mama aliyetupikia miaka yote ile akawa anakaa kwenye stuli anatazama akipikiwa. Wifi yako aliniuliza siku moja, "Wewe umewahi kulishika hilo dude bila viatu?" Nikamjibu kwamba kompyuta ni mambo yangu.

Jumanne iliyopita alikuja fundi umeme, yule rafiki yangu tunayemwita Ndevu, kunitazamia feni ya chumba hiki. Mama alikuwa ndiyo kwanza amepiga deki, kwa hiyo Ndevu akaacha viatu mlangoni. Akaegemeza mkono juu ya kasha ili ainame. Aliruka, akagonga kiwiko ukutani, akatoa tusi ambalo sitaliandika.

"Wewe! Hili dude linapiga shoti! Ethi yako iko wapi?" Akatoa testa mfukoni, akaigusisha kwenye kasha, kitaa chake kikawaka. "Ina maana humu ndani hakuna mtu aliyekwambia?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Nilingoja aseme alishaniambia. Hata angenizaba kofi ningeshukuru. Aliweka ndoo chini, akamuuliza Ndevu, si mimi, "Kwa hiyo ni kweli linauma?"

"Mama, hili lingeweza kukuua."

Akakaa kwenye kiti changu, akaviangalia vidole vyake. "Nilishaanza kuamini wanavyosema," akamwambia.

Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipiga magoti kumwomba msamaha. Jioni ile akanionyesha daftari alilokuwa akilificha chini ya godoro. Kila asubuhi, kabla hatujaamka, alikuwa anaandika majina yetu watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, na siku ya juma, halafu anakwenda kutazama kalenda kama amepatia. Kurasa na kurasa. Jina lako linaanza kila siku. Hajakosea hata mara moja. Miezi yote ile alikuwa anajifanyia mtihani peke yake, kwa sababu mimi sikutaka kuharibu tundu langu.

Tundu nimelipanua mbele yake. Waya mnene umepita, ethi nimeifunga kwa skrubu kwenye bati tupu, na Ndevu amepima. Nyuma pamekwaruzika vibaya, na nimepaacha hivyo hivyo. Kiberiti nimemrudishia kwa mikono miwili. Alikipokea, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Ila mpaka leo, kabla hajawasha jiko, humtazama kwanza wifi yako kama anayeomba ruhusa. Hilo sijui nitalirekebishaje.

Ombi langu kwako ni moja. Ulipopiga simu wiki mbili zilizopita nilikusikia ukimwongelesha polepole kama mtoto, ukimuuliza leo ni siku gani. Ulifanya hivyo kwa sababu yangu. Ukimpigia tena, ongea naye kama zamani. Muulize ushauri, mbishane, akikukatiza mkatize. Mimi nipigie wakati wowote unigombeze, nitanyamaza.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu mmoja mmoja. Shangazi akipita kwenu mwambie bado namkumbuka. Wifi yako anakusalimu na anasema yeye alikuwa upande wa Mama tangu mwanzo, na ni kweli. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe amani kazini kwako.

Nilimuuliza Mama nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwandikie kwamba nina akili zangu timamu." Nikaandika. Akainama begani kwangu akasoma, akaweka kidole kwenye mstari.

"Ongeza kwamba nimesema mimi, siyo wewe."

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na aonaye aibu,

Fundi wa madirisha.